Re: Picha za Ziwa Naivasha wakati wa kiangazi

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za Naivasha za Januari zinatoka nyeupe, hazina uhai. Tatizo ni saa, si kamera. Karibu na ikweta jua huchomoza kama saa kumi na mbili unusu na kupanda upesi. Ikifika saa tatu, mwanga laini umekwisha. Ukitoka Nairobi asubuhi umeshachelewa. Lala hukohuko Naivasha.

Furukombe, yule tai mla samaki, ana kichwa cheupe pe, kwa hiyo punguza mwangaza hadi manyoya yaonekane, na weka kasi ya shata (kilango cha kamera kinachopitisha mwanga) 1/2000 ya sekunde anaposhuka majini. Mwombe nahodha azime injini, mashua itulie.

Lakini usiishie kwa ndege! Mimi napenda zaidi Karagita, ufukoni mwa ziwa hilohilo, wavuvi wakiteremsha samaki na akina mama wakiwaparua magamba. Salimia kwanza, piga gumzo, kisha omba ruhusa. Akikataa, shukuru uondoke. Mchana jua likiwa kali, wapige picha kivulini, chini ya migunga. Nyuso hutoka vizuri ajabu.

Jioni usikae ukingoni penye mafunjo. Viboko hutoka kulisha giza likiingia.