Viboko shuleni: idadi ni vinne, tena vyenye saini

SWALI: Binti yangu wa darasa la sita shule ya serikali hapa Tanzania kachapwa viboko nane mgongoni na mwalimu wa kiume wa zamu, eti kwa kuchelewa. Sheria inaruhusu?

JIBU: Hairuhusu, mama. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, zinataka visizidi vinne kwa mara moja, tena kwa kosa kubwa. Anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Kuwa zamu hakutoshi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Ni kiganjani au matakoni juu ya nguo, kwa fimbo nyepesi. Mgongo haumo kabisa!

Leo hii piga picha alama kabla hazijafifia, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha) kituoni, umpeleke hospitali. Kisha omba kuona daftari la adhabu: jina, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa, saini ya mwalimu mkuu. Walimu wengi huteleza hapo, kwa kuchapa bila kuandika. Barua ya malalamiko mpe Afisa Elimu Kata, nakala wilayani, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.