Pedali za gitaa na chuma cha kulehemu: maswali yenu

Mpiga besi, Umoja: Fundi, nimenunua chuma cha kulehemu Luthuli Avenue, Nairobi. Lehemu inajikusanya kwenye ncha, haishiki kwenye bodi la saketi. Nimeuziwa kitu kibovu?

Sidhani. Angalia rangi ya ncha. Ikiwa nyeusi, imeungua na joto halipiti. Ipashe moto, ipanguse kwa sponji yenye unyevu, kisha ipake lehemu papo hapo mpaka ing'ae. Ukimaliza kazi, ipake tena kabla ya kuzima. Tafadhali usiikwangue kwa tupa wala msasa: ncha nyingi za siku hizi ni shaba iliyofunikwa tabaka la chuma, na tabaka hilo likitoboka, shaba huliwa upesi sana.

Kuna kosa lingine ninaloliona kila mara. Watu huyeyusha lehemu juu ya ncha, halafu wanaipeleka kwenye kiungo. Fanya hivi: gusisha ncha kwenye mguu wa kipuri na kwenye duara la shaba la bodi kwa pamoja, hesabu moja, mbili, ndipo ulete lehemu kutoka upande wa pili. Acha kiungo chenyewe kiiyeyushe. Ikitambaa na kuuzunguka mguu, ondoa lehemu, kisha ncha, na usiguse chochote mpaka igande. Ukiona imekaa juu ya bodi kama shanga, haijashika, rudia. Kwa pedali, yaani kisanduku kinachokanyagwa ili kubadilisha sauti ya gitaa, chuma cha wati 30 hadi 40 kinatosha kabisa.

Anayeanza, Kayole: Ninunue lehemu gani? Jirani yangu fundi bomba ana yake.

Ya jirani mwachie. Dawa anayopaka mabomba ili lehemu ishike ina asidi, nayo italila bodi lako polepole hata baada ya pedali kufungwa. Nunua ya elektroniki yenye rosini ndani (utomvu unaosaidia lehemu kushika), unene wa milimita 0.8, mchanganyiko wa bati 60 na risasi 40. Huanza kuyeyuka nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi hutaka zaidi ya 215, na humsumbua mwanafunzi. Fungua dirisha, kwa kuwa moshi wa rosini huwasha kifua, na unawe mikono kabla ya kula.

Mpiga solo, Kawangware: Pedali yangu ya mtindo wa Tube Screamer, ile ya kukwaruza sauti, inakata besi. Nibadilishe nini?

Swali zuri sana hili. Katika saketi ya asili, sehemu ya kukuza sauti ina rezista (kipuri kinachozuia umeme) ya kiloomu 4.7 ikifuatana na kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 0.047 kwenda graundi, yaani upande hasi wa saketi. Hizo mbili ndizo zinazoamua: chini ya hertzi 720 hivi, yaani kwenye sauti nzito, ukuzaji hupungua. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 na mpaka huo utashuka hadi karibu 340. Sauti itanenepa.

Lakini sikiliza kwanza. Besi ilipunguzwa makusudi, maana ikiingia nyingi kwenye mkwaruzo sauti hugeuka tope. Kwa solo ya benga, inayopanda juu na kutaka kila nota isikike kando ya gitaa la besi, mimi ningeiacha ilivyo. Ukipiga peke yako, ibadilishe.

Kung'oa kapasita ya zamani, usiivute. Weka utambi wa shaba (nyuzi nyembamba zilizosukwa) juu ya kiungo, ukandamize kwa ncha, unyonye lehemu yote. Mguu utalegea wenyewe. Ukilazimisha, duara la shaba litabanduka na bodi. Mahali pake lehemu soketi ndogo ya kuchomekea miguu ya kapasita, ili ujaribu thamani kadhaa bila kupasha bodi joto tena. Ya zamani itunze.

Mpiga gitaa wa kanisa, Githurai: Nilichomeka adapta ya ruta, pedali ikazima kabisa. Ndiyo kwaheri?

Bado. Pedali nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi za ruta zina chanya katikati, mara nyingi tena ni za volti 12. Ndani, pale umeme unapoingia, kwa kawaida kuna dayodi ya ulinzi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mara nyingi 1N4001. Umeme ukigeuzwa, hujitoa mhanga. Ichomoe, uipime kwa mita. Ikipitisha pande zote mbili, imekufa. Kagua pia rezista au njia ya shaba iliyoungua karibu nayo. Pedali ikiwaka bila dayodi, umeipata shida, ila usiende nayo ibadani kabla hujaweka nyingine, mstari uliochorwa mwilini mwake ukielekea chanya.