Relei ya 16A mahali pa 10A kwenye mashine ya kufulia
Kuweka relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya 16A badala ya ile mbovu ya 10A yafaa, mradi koili, yaani waya uliozungushwa unaoivuta swichi hiyo, iwe volti 12 kama ile ya zamani. Ampea zikizidi hazina neno, huo ni uwezo wa kontakti (vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) kubeba mzigo tu. Volti za koili ndizo hazina mjadala: ya 24 haitavuta, ya 5 itaungua. Ila angalia miguu ya relei, maana ya 16A mara nyingi hupangwa tofauti na haitaingia kwenye bodi.

Pima koili ya relei hiyo mbovu kwanza. Nyingi za aina hii husoma karibu omu 400. Ikisoma hivyo, koili ni nzima; shuku kontakti au lehemu iliyopasuka. Hewa ya chumvi hapa Mombasa haina huruma na bodi. Chomoa plagi kabla ya kufungua, na kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme) usiiguse ikiwa bado ina chaji.