Muulize Fundi: Kopi zinakwama kila masika

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nina duka la kutoa kopi karibu na shule ya sekondari hapa Tanga. Kiangazi mashine yangu haina neno, lakini masika yakianza inavuta karatasi mbilimbili, nyingine zinakwama ndani au zinatoka zimejikunja kama ukuti mkavu. Wateja wananikimbia. Ninunue mashine mpya?
Mama Stesheneri, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Usitoe hela yako bado. Kabla ya kuilaumu mashine, shika karatasi zenyewe mkononi uzitazame.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikamana, na nyuzi hizo hunywa unyevu wa hewani. Zikinywa hunenepa kuliko zinavyorefuka, ndiyo maana rimu iliyolala wazi usiku kucha inakucha na kingo zenye mawimbi. Karatasi hiyo haiwezi kupita imenyooka. Ikifika kwenye rola ya moto, ile inayoyeyusha tona, yaani unga wa wino, ili ishike, maji yanakauka ghafla nayo inajikunja.

Hilo la mbilimbili lina mahali pake. Vuta trei uchungulie: kuna rola ya mpira, na katika mashine nyingi ndogo kuna kipande cha mpira kinachoisukuma kwa springi kutoka chini. Mimi nakistahi kipande hicho kuliko kitu chochote kingine ndani ya mashine. Rola inaikamata karatasi kwa nguvu sana. Kipande kinaikamata kwa nguvu kiasi. Karatasi na karatasi mwenzake hushikana kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo rola ikizunguka, ya juu inakwenda na ya chini inazuiwa. Rola ikiota vumbi na kung'aa, kipande kikilika, au unyevu ukizigandisha karatasi, zinaondoka mbili kwa pamoja.

Usidhani ni tatizo la mashine yako peke yako. Chester Carlson, mvumbuzi Mmarekani wa kunakili kwa umeme tuli, alipata nakala yake ya kwanza kavu tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, lakini mashine ya ofisi iliyotokana na kazi hiyo, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959. Jina lenyewe ni la karatasi: iliweza kupokea ukubwa wa hadi inchi 9 kwa 14. Umeme tuli uliovuta unga wa wino uliing'ang'aniza karatasi pia kwenye ngoma, ile silinda inayobeba picha, ikabidi ibanduliwe kwa kupulizwa hewa. Karatasi iliyokwama karibu na joto iliweza kuungua, na mashine iliuzwa pamoja na kizima moto chake. Kuitoa picha kwenye karatasi ni kazi, ila kuipitisha karatasi moja, moja tu, bila kuikunja, nako ni uvumbuzi mkubwa.

Basi fanya hivi. Rimu usiifungue mpaka uihitaji, na usiiweke juu ya sakafu ya saruji. Panga kwenye rafu. Jioni toa karatasi zilizobaki kwenye trei, zirudishe kwenye ganda lake na uzifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla ya kupakia, zipepee kwa kidole gumba ili hewa iingie katikati. Zikiendelea kujikunja, geuza bunda zima upande wa pili. Rola ifute, mashine ikiwa imezimwa, kwa kitambaa kisicho na manyoya chenye maji kidogo. Petroli na thina zinaua mpira. Haya yote yakishindikana, mwambie fundi wako abadilishe rola pamoja na kile kipande. Wengi hubadilisha rola wakakisahau.

SWALI: Bi Fundi, mimi ni mwalimu hapa Moshi. Matundu ya karatasi za kwenye faili yanachanika kabla ya muhula kuisha. Kuna dawa?

JIBU: Ipo, mwalimu. Panchi ikishatoboa, nyuzi zimekatwa, na uzito wote unakaa kwenye ukingo mwembamba wa tundu. Vile vipete vya kubandika kuzunguka tundu vinausambaza uzito huo. Kwa daftari la mahudhurio linalofunguliwa kila siku, bandika utepe wa kitambaa ukingo mzima kwanza, ndipo utoboe. Selotepu ya kawaida iepuke: gundi yake huvuja na kugandisha kurasa.