Kwa mnaoanza kuweka SSO kwenye duka la mtandaoni

Naandika hii kwa wale ambao bosi kawaambia "tunataka SSO kwenye duka" (single sign-on, yaani mtu aingie kwa akaunti aliyonayo tayari kwingine) alafu akaendelea na mambo yake, na wewe umebaki na kazi ambayo hata hujui inaanzia wapi. Ninachotaka ukishike mapema ni kwamba kitufe cha kuingia kwa Google au Apple sio kazi. Kitufe utakiweka hata leo jioni na kitafanya kazi. Kazi yenyewe ni kujua huyu mtu aliyerudi kutoka huko ni mteja gani kati ya wateja wote ulionao kwenye databesi, ili oda zake, kikapu chake na anwani zake zimwangukie yeye na sio mtu mwingine. Ukilielewa hilo, mengine yote ni fomu za kujaza.

Kabla hujagusa kodi (code ya programu), uliza nani anaingia. Wateja wa kawaida? Wafanyakazi wa duka wanaoingia kwenye dashibodi? Au ni duka la jumla ambalo wateja wake ni kampuni, na kampuni hizo zinataka watu wao waingie na akaunti za kazini? Hayo ni mambo matatu tofauti na yana majibu tofauti. Wateja wa kawaida utatumia OpenID Connect, kiwango cha kulogini ambacho kilitoka 2014 kikajengwa juu ya OAuth 2.0 ya 2012. Kampuni kubwa nyingi bado zitakuletea SAML 2.0, kiwango kingine cha kulogini cha tangu 2005, chenye XML ndefu na cheti cha kidijitali cha kuhakiki sahihi, na usijaribu kuwabishia, wao ndo wateja. Na tafadhali usichanganye OAuth na kulogini. OAuth peke yake ni ya kuomba ruhusa, inasema apu hii inaruhusiwa kufanya kitu fulani, haisemi mtu huyu ni nani. Anayesema huyu ni nani ni ile tokeni (kipande cha data chenye sahihi) ya utambulisho ambayo OpenID Connect imeiongeza. Kuna maduka yanachukua tokeni ya ruhusa wanaifanya ndo kitambulisho, na hiyo ni hatari kwa sababu tokeni ya ruhusa iliyotolewa kwa apu nyingine kabisa inaweza kuletwa kwako na wewe ukaipokea.

Mzunguko wenyewe sio mgumu. Mteja anabonyeza, brauza inampeleka kwa mtoa utambulisho (yaani Google, Apple au kampuni yake), anaingia huko, anarudishwa kwako akiwa na kodi fupi ya kutumika mara moja (authorization code, sio kodi ya programu), na seva yako kwa nyuma inaibadilisha ile kodi kupata tokeni. Kwa nini wasikupe tokeni moja kwa moja kwenye linki? Kwa sababu linki inabaki kwenye historia ya brauza, inaingia kwenye logi za seva, inaweza kuvuja kwa kurasa nyingine. Zamani watu walifanya hivyo na mafunzo ya zamani bado yanaonyesha hivyo, ukiyakuta yapite tu. Mwongozo wa usalama wa OAuth wa Januari 2025, RFC 9700, unasema achana na njia hiyo, tumia kodi fupi pamoja na PKCE, kinga inayohakikisha anayebadilisha kodi ndo yule yule aliyeanza kuingia. Laibrari nzuri inakufanyia yote haya, na laibrari utumie, usiandike uhakiki wa tokeni mwenyewe kwa mikono. Ila ujue inachohakiki: sahihi ya kidijitali, nani ametoa, imetolewa kwa nani (lazima iwe duka lako), imeisha muda au bado, na ile nonce, namba ya bahati nasibu uliyoituma mwanzo.

Anwani ya kurudia, redirect URI, yaani pale mteja anaporudishwa dukani kwako, ndo itakuletea hitilafu ya kwanza kabisa, karibu kila mtu anaipata. Inalinganishwa herufi kwa herufi. Ukisajili yenye www na duka linafunguka bila www, inakataa. Mkwaju wa mwisho (/) ukizidi, inakataa. Kwa hiyo ukiona inalalamika usihangaike kusoma kodi yote, fungua logi, nakili kilichotumwa, weka pembeni ya kilichosajiliwa, linganisha.

Sasa tuje kwenye nyama.

Utajaribiwa sana kutumia imeili kama ufunguo wa mteja. Unaona tokeni imekuja na imeili, databesi yako ina imeili, unasema hizi zinafanana basi ni yule yule, kamlogini. Usifanye hivyo. Imeili inabadilika, mtu anaacha kazi na anwani ile ile anapewa mfanyakazi mwingine, na watoa utambulisho wengine wanaweza kukuletea imeili ambayo hawajaithibitisha kabisa. Ufunguo ni sub, ile namba isiyobadilika ya mtumiaji, ikiwa pamoja na iss, yaani nani ameitoa. Viwili hivyo kwa pamoja, kwa sababu sub ya mtoaji mmoja inaweza kufanana kabisa na ya mwingine. Tengeneza jedwali la pembeni: mteja mmoja anaweza kuwa na utambulisho mwingi, wa Google, wa Apple, na paswedi yake ya zamani. Usiweke safu moja inayoitwa google_id kwenye jedwali la wateja alafu kesho ukaongeza apple_id na kesho kutwa nyingine.

Alafu kuna hii ambayo wengi hawaijui mpaka iwafike. Haka (mdukuzi) anafungua akaunti kwenye duka lako kwa imeili ya mtu mwingine na paswedi anayoijua yeye. Duka halithibitishi imeili, kwa hiyo akaunti inakaa pale. Baada ya muda mwenye imeili anakuja kununua, anabonyeza kitufe cha Google, duka linaona imeili imeshakuwepo, linamuunganisha humo humo. Mteja anaongeza anwani ya nyumbani, ananunua, hana wasiwasi. Na haka bado ana paswedi yake, anaingia anavyotaka, anaona oda zote. Hamna kilichovunjwa, kila kitu kimefanya kazi kama kilivyoandikwa, ndo maana mashambulizi haya hayaonekani kwenye logi.

Kwa hiyo sheria yangu kwenye kuunganisha akaunti ni hii. Kama akaunti ya zamani imeili yake haijawahi kuthibitishwa, usiiunganishe kimya kimya. Mwambie mteja kuna akaunti yenye imeili hii, aingie kwa paswedi ya zamani kwanza au athibitishe kwa linki utakayomtumia, na akithibitisha kwa linki, ile paswedi ya zamani ifutwe na sesheni zote za zamani zikatwe. Na kwa upande wa mtoa utambulisho angalia email_verified, ikija false au isipokuja kabisa, ichukulie hiyo imeili kama kitu ambacho mteja amekiandika tu mwenyewe. Watu wa mauzo watakwambia hatua hiyo inapunguza manunuzi. Ni kweli inaongeza usumbufu kidogo, kwa wachache, mara moja. Hapo mimi sirudi nyuma.

Apple niiongelee peke yake maana ina vituko vyake. Mteja anaweza kuficha imeili, unapata anwani ya kupitishia inayoishia na privaterelay.appleid.com. Hiyo maana yake mteja yule yule mwenye akaunti ya zamani kwako atatokea kama mtu mpya, na huwezi kumjua, kwa hiyo weka sehemu kwenye ukurasa wa akaunti ambapo mtu aliyeshaingia anaweza kuongeza njia nyingine ya kuingia mwenyewe. Pia usipoisajili kwa Apple domeni unayotumia kutuma imeili, risiti zako kwa anwani hizo hazifiki. Mteja amelipa hajapata kitu, anaanza kukupigia. Na jina la mteja Apple wanalitoa mara ya kwanza tu, usipolihifadhi pale pale, akirudi tena halipo. Developa anajaribu na akaunti yake mara ya pili anaona jina ni tupu, anadhani kodi imeharibika.

Kituko kingine cha Apple kinahusu kuki, na hiki kimewatoa watu jasho. Ukiomba jina au imeili, Apple inarudisha majibu kwa POST, yaani kama fomu iliyotumwa, kutoka kwenye domeni yake. Tangu Chrome 80 ya 2020, kuki isiyo na SameSite (mpangilio unaosema kuki itumwe lini ombi likitoka tovuti nyingine) inachukuliwa kama Lax, na kuki ya Lax haitumwi kwenye POST inayotoka domeni nyingine. SAML nayo inarudi kwa POST hivyo hivyo. Matokeo yake ile kuki uliyohifadhia state, neno la siri la kuhakikisha aliyerudi ndo aliyeondoka, haiji, laibrari inasema state haifanani, mteja anaona kosa. Kinachochanganya zaidi ni kwamba Chrome iliweka nafuu ya dakika 2 kwa kuki ambazo hazikutajwa SameSite yoyote, kwa hiyo wewe unayejaribu haraka haraka unapita vizuri, na mteja anayetafuta simu yake asome namba ya kuthibitisha anakwama. Ukisikia "kwangu inafanya kazi" kwenye kulogini, mawazo yako yaende hapo kwanza. Dawa ni kuki ndogo ya muda mfupi kwa ajili ya state tu, SameSite=None na Secure, ile ya sesheni yenyewe iache Lax.

Kikapu nacho. Mgeni ameweka bidhaa kwenye kikapu bila kuingia, alafu akaingia. Sesheni lazima ipewe namba mpya baada ya kuingia, hilo ni la usalama halina mjadala, ila kama kikapu kimefungwa kwenye namba ya sesheni ya zamani, unampoteza mteja hapo hapo kwa sababu amerudi kakuta kikapu kitupu. Hamisha kikapu kwenda kwa mteja ndani ya hatua ile ile ya kuingia. Na kama alikuwa na kikapu kingine cha zamani kwenye akaunti? Mimi naviunganisha, bidhaa ikiwa kwenye vyote viwili nachukua idadi kubwa kati ya hizo mbili, sizijumlishi, kwa sababu mara nyingi ni mtu yule yule aliweka kitu kile kile kwenye simu na kwenye kompyuta. Wengine watakwambia jumlisha, sawa, ila mwambie mteja kabla hajalipa kwamba kikapu kimebadilika. Na mrudishe pale alipokuwa, kama ni ukurasa wa kulipia basi arudi wa kulipia, sio mwanzo wa duka. Ukihifadhi ukurasa wa kurudi hakikisha ni njia ya ndani ya duka lako tu, usipokee anwani nzima kutoka kwenye linki, la sivyo mtu atatumia ukurasa wako wa kuingia kupeleka wateja wako kwenye tovuti ya kitapeli.

Na jamani msilazimishe mtu kuingia ndo anunue. Acha njia ya mgeni wazi, SSO iwe ya kurahisisha. Tena kuna sababu ya kiufundi kabisa: matangazo mengi yanafunguliwa ndani ya apu za mitandao ya kijamii, kwenye brauza ndogo iliyo ndani ya apu, na Google haikubali kulogini kwenye brauza za aina hiyo, inatoa kosa la disallowed_useragent. Yaani umelipia tangazo, mteja kaja, kabonyeza kitufe, kakataliwa, na hajui afanye nini. Njia ya mgeni inamwokoa, au umwonyeshe maelezo ya kufungua kwenye brauza ya kawaida.

Kutoka sitakaa nako sana. Kwa wateja wa kawaida, akibonyeza kutoka, maliza sesheni ya duka lako basi, usimtoe kwenye Google yake, atakushangaa. Kwa kampuni ni tofauti, watataka mfanyakazi aliyeachishwa atoke kote mara moja, hapo tumia njia ya seva kwa seva. Ile ya kupitia fremu zilizofichwa inategemea kuki za domeni nyingine, na Safari imezizuia zote tangu 2020.

Ukija kwenye SAML kumbuka saa na cheti. Jibu la SAML lina muda wa kuanza na wa kuisha, saa ya seva yako ikichelewa kidogo tu inakataa majibu halali, kwa hiyo washa NTP (inayosawazisha saa ya seva kwa mtandao) na ruhusu tofauti ndogo ya dakika chache. Cheti cha kampuni kina tarehe ya mwisho, iweke kwenye kalenda yako mwenyewe na ya mwenzako, na jenga mfumo unaoweza kukubali vyeti viwili kwa wakati mmoja ili siku ya kubadilisha pasiwe na wa kusubiri. Kwenye OpenID Connect funguo zinabadilishwa na mtoaji mwenyewe, wewe soma anwani yake ya funguo, zihifadhi kwa muda, na ukikutana na kid (namba ya ufunguo) usiyoijua nenda kazisome upya kabla hujakataa. Usizibandike ndani ya kodi.

Mwisho ni dashibodi ya wafanyakazi. Ukishawalazimisha wote waingie kwa SSO, bakiza akaunti moja ya dharura ya msimamizi isiyopita huko, paswedi ndefu, uthibitisho wa pili wa kifaa, ikitumika tu itume taarifa kwa watu wawili. Ijaribu kabla hujafunga njia ya paswedi kwa wengine, maana cheti kikiisha usiku wa mauzo makubwa ndo hiyo akaunti pekee itakayokufungulia ukurasa wa kubadilisha cheti.