Gauni la Krismasi na Makhan Singh

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini Makhan Singh, yule kiongozi wa wafanyakazi aliyezuiliwa na serikali ya kikoloni kuanzia 1950 hadi 1961, hakupewa hata kiti kidogo serikalini uhuru ulipokuja. Nimekaa na swali lako siku tatu. Kila nikilishika, ninakumbuka gauni.

Machi 1950 Nairobi ilifanywa jiji. Duke wa Gloucester akaleta hati ya mfalme, na watoto wa Shauri Moyo wakatoka kwenda kumtazama. Nilikuwa na miaka saba, nimeshavaa gauni langu la Krismasi. Babu yako, unavyomjua, akasimama mlangoni: haendi mtu. Chama chao cha wafanyakazi, kile cha Makhan Singh na Fred Kubai, kilikuwa kimesema sherehe isusiwe. Jiji lilikuwa la wenye majumba. Sisi tulilala sita chumba kimoja. Nililia mpaka jioni. Nilimchukia huyo Muhindi kabla sijamwona.

Nilimwona mwezi uliofuata, Aprili 23, kwenye ukumbi wa Kaloleni, nikiwa mabegani mwa babu yako na gauni lile lile. Ndipo Makhan Singh alipodai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati hata wakubwa wetu walikuwa bado wanaomba viti vichache katika baraza la kutunga sheria. Mimi niliona kilemba tu, na watu wakipiga makofi.

Mei 15 wakamkamata pamoja na Kubai. Mji ukagoma. Babu yako akagoma pia, akafutwa kazi, na cherehani ya mama ikauzwa. Mnanicheka nikirudia, lakini ni kweli: tajiri haogopi mfanyakazi mmoja mmoja. Mwaka 1937 chama cha Makhan Singh kiligoma siku 62, na mishahara ikapanda.

Sasa swali lako. Wapo wanaosema alinyimwa kwa sababu hakuuficha ukomunisti wake. Wengine wanasema ni rangi yake. Lakini Kubai hakuwa Muhindi, na alipata kiti. Basi ni ukomunisti? Au labda mtu asiyejua kujipendekeza... hapana, nikiendelea nitataja watu, na watoto wao wengine tunasali nao. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, akafariki 1973.

Babu yako aliisikia habari hiyo redioni. Alizima redio, akaniuliza, mimi mtu mzima mwenye watoto, kama bado nina kinyongo kuhusu ile siku ya Duke.

Nikamwambia sina. Nilimdanganya.

Mama yako