Jibu: Usimwongezee mtoto miaka ili akaunti ikubali

Dada, acha. Usijaze huo mwaka 2000.

Umesema binti yako ana miaka tisa, anacheza vizuri, mtaa mzima unamsifu, na kuna mtu kakushauri umfungulie akaunti na kumwandika kazaliwa mwaka 2000, kama mtu mzima, ili mtandao usimkatae. Halafu ukauliza simu ipi ya bei nafuu, bando gani, na aachiwe saa ngapi kwa siku. Hayo mengine yasubiri. Huo mwaka wa kuzaliwa ndio ulionitia hasara mimi.

Aliyenishauri ni kijana wa duka la simu. Nilikwenda kununua kava tu! Mwanangu wa darasa la tatu akamwambia anataka kurusha video zake za danadana, akaunti inagoma. Kijana akacheka: "Mzee, weka 1998, kila mtu anafanya hivyo." Akajaza kwa mkono wake, mimi nimesimama nasubiri chenji. Nikamshukuru kabisa. Nikimkuta leo sijui nitamwambia nini, ila kava sitanunua kwake.

Watu tunadhani ule mwaka ni mlinzi wa getini, ukishampita amekwisha kazi. Kumbe ndio unaoamua mtoto anapewa nini akiwa ndani. TikTok, Instagram, Facebook na Snapchat zote zinaanzia miaka 13. TikTok ikijua mtumiaji hajafika 16, akaunti yake inaanza ikiwa imefungwa kwa wasiomfuata, na hawezi kutumiwa ujumbe wa faragha. Instagram tangu 2024 inawaweka walio chini ya 18 kwenye akaunti maalumu za vijana, na mtu asiyefahamiana naye hawezi kumwandikia tu anavyotaka. Mtoto uliyemwandika ni mtu mzima hapati hata kimoja. Na haiishii hapo: binti yako akifikisha 13 ya kweli, kwa mtandao atakuwa mama mtu mzima anayekaribia 30.

Kwetu yalianza kwa vichekesho. Matangazo ya kubeti, mikopo ya haraka, dawa za nguvu za kiume. Siku moja tunakula, mtoto ananiuliza, "Baba, mkeka ukichanika hela inarudi?" Mama yake akanigeukia mimi.

Kisha akaja "wakala wa akademi ya mpira". Akaunti ya mwanangu iko wazi, inboksi iko wazi, na kwenye video amevaa sweta la shule lenye nembo. Huyo mtu akamsifia mguu wa kushoto, akamwuliza anasoma wapi huku jibu analo, akamwambia asimwambie baba mpaka mkataba utoke. Baadaye akaanza kuomba picha za "kupima mwili". Nadhani hapo sina haja ya kuendelea. Namshukuru Mungu mtoto alimwonyesha dada yake kabla hajatuma kitu. Na ninyi mnaosema haya ni ya mabinti tu, wangu ni wa kiume.

Nikakimbilia ile huduma ya mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto. Ikagoma, maana ni ya walio chini ya 18, na wa kwangu kasajiliwa mtu mzima. Nikaripoti kwamba ni mtoto, nikatakiwa kuthibitisha umri. Yaani nikawa nabishana na uongo niliousajili mwenyewe. Kwa hasira nikafuta mazungumzo yote. Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi wakaniuliza swali la haki kabisa: ushahidi uko wapi? Sina. Jina la akaunti ile hata silikumbuki sawasawa. Kwa kuwa mtu yule anaijua shule, tukamhamisha mtoto katikati ya muhula, na ada tuliyokuwa tumelipa ikabaki kule.

Mchangiaji hapo juu anasema mzazi akiwa na neno la siri inatosha. Nilikuwa nalo! Anayemwandikia mtoto haombi neno la siri. Na msinione mjinga peke yangu: Ofcom, wadhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, walisema mwaka 2022 kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa miaka 8 hadi 17 wenye akaunti za mitandao wamesajiliwa kama watu wazima. Kwa hiyo mimi ni mjinga wa viwango vya Ulaya.

Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa ni ule ulioko kwenye cheti. Mtandao ukimkataa kwa mwaka huo, umekataa. Kama ni kucheza, mrekodi kwa simu yako, warushie bibi na shangazi kwenye kundi la familia, watampigia makofi mpaka achoke.

Kama akaunti ulishaifungua kabla ya kuuliza, angalia kwanza inboksi. Ukikuta mtu wa ajabu, piga skrinishoti za mazungumzo na jina la akaunti yake, usifute kitu, kisha piga 116, ni namba ya watoto na haikati salio. Ukikuta haina kitu, ifute usiku huu kabla hajapata wafuasi, maana akishafikisha mia moja utagombana naye mwezi mzima.